Karatasi ya ukutani, praima mbili na kisa cha malengelenge

Tuanze na aibu. Ukuta wa kwanza niliupaka praima, ile rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, juu ya karatasi za ukutani Jumamosi asubuhi, na kabla ya adhuhuri ulikuwa umeota malengelenge kama kisigino kilichovaa kiatu kipya. Mengine madogo kama shanga, mengine ukiyagusa yanabonyea. Nilisimama na rola mkononi, praima ikinidondokea kwenye kidole cha mguu, nikijiuliza nimekosea wapi.

Karatasi zenyewe tulizikuta tulipohamia. Maua ya zambarau, majani ya rangi ya dhahabu, na kila jioni taa ikiwashwa unaona kama unaishi ndani ya sanduku la zawadi. Kuzibandua nilijaribu, tena kwa moyo. Nililowesha kwa maji ya moto, nikakwangua, na pale nilipofanikiwa karatasi ilitoka na ngozi ya ubao wa jasi ulio nyuma yake. Yaani aliyezibandika hakuziba ubao kwanza. Gundi imeingia moja kwa moja kwenye ubao, na ukivuta karatasi unavuta na ukuta. Baada ya kutoboa eneo la ukubwa wa sahani nikaacha. Ndipo nikaamua kupaka rangi juu yake.

Praima ya kwanza ilikuwa ya maji. Sitaitaja jina, ila kopo lake limeandikwa kwamba inafaa kwa kila aina ya ukuta, nami nikaamini. Haina harufu, brashi inasafishwa bombani, inakauka upesi. Kwenye ukuta mtupu sina ubaya nayo. Kwenye karatasi ilinitoa jasho. Jirani yangu mmoja mzee, fundi rangi aliyestaafu, alikuja kuangalia, akagonga lengelenge moja kwa ukucha, akacheka: “Mwanangu, hiyo gundi uliikuta imelala, wewe ukaipa maji ya kunywa.” Ndivyo ilivyo. Gundi ya karatasi za ukutani mara nyingi ni ya wanga au selulosi, na hizo zote hulainika zikipata maji. Karatasi nayo ikinyonya maji hutanuka, inakosa pa kwenda, inajikunja kuja nje.

Asubuhi yake kama nusu ya malengelenge yalikuwa yamenywea yenyewe, kwa hiyo yakikutokea usikimbilie kukwangua, subiri ukuta ukauke kabisa. Yaliyobaki niliyatibu mojamoja. Unapasua kwa wembe mpya, mpasuko mfupi tu, unaingiza gundi kwa bomba la sindano, unabana kwa kitambaa kikavu kuanzia pembeni kuelekea kwenye mpasuko, gundi iliyozidi inatoka, unafuta. Lile lililokuwa juu ya swichi lilinichukua robo saa nzima kwa sababu kila nikibana upande mmoja linanyanyuka upande wa pili. (Swichi na soketi nilishazifungua vifuniko na kuzima umeme wa chumba kwenye kikata umeme. Hilo halina mjadala, hasa kama utashika sponji.)

Kuta tatu zilizobaki nilipaka praima ya mafuta, na hapa ndipo sifa zangu zilipo. Hakuna lengelenge hata moja. Mafuta hayaigusi gundi ile. Yanakauka juu na kufunga karatasi kama vanishi. Tena kuna jambo sikulitegemea: kwenye ukuta wa kwanza, hata baada ya rangi nyeupe mkono mmoja, maua yalikuwa yanachungulia, wino umepanda juu na kuacha wekundu hafifu. Kwenye kuta za praima ya mafuta wino haukupanda. Kona moja yenye doa la zamani la maji niliipiga praima ya sherlaki, ile inayotokana na utomvu wa mdudu aitwaye laki na kuyeyushwa kwa spiriti. Inakauka haraka mno na doa halikurudi, ila ukizubaa brashi inakakamaa kabla hujaivusha upande wa pili.

Ubaya wa praima ya mafuta ni harufu. Madirisha yalikaa wazi siku mbili na chumba hicho hakikulaliwa na mtu. Brashi unasafisha kwa tapentaini, mikono inabaki inanuka hata ukioga, na vitambaa vilivyofutia usivibumbe ukavitupa pembeni. Vitandaze nje vikauke, maana vinaweza kupata joto vyenyewe na kushika moto. Mdogo wangu alifika siku ya pili, akasimama mlangoni, akasema atasalimia kutokea pale pale.

Sasa maungio. Ningejua, nguvu zangu zote ningeziweka hapa badala ya kubishana juu ya aina ya rangi. Pale karatasi moja inapokutana na nyingine pana mstari, na mstari huo maua yalikuwa yanauficha. Ukishafuta maua, unabaki nao peke yake. Mchana huoni kitu. Usiku, washa tochi uilaze sambamba na ukuta, utaona mistari imesimama wima kutoka dari mpaka sakafuni kama mbao za uzio. Dawa ni puti, ule uji mzito wa kusawazisha ukuta, nyembamba kwa kisu kipana, ikauke, msasa laini, kisha puti tena. Lakini puti inakuja baada ya praima, si kabla. Puti nayo ina maji. Ukiipaka kwenye karatasi tupu unarudi kulekule kwenye malengelenge. Baada ya msasa unapitisha praima tena juu ya puti ndipo rangi ifuate. Na kama nyumba ni ya zamani sana, msasa upitishe kwa adabu, usichimbe hadi chini, kwa sababu rangi za zamani huenda zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu.

Ukuta wa mwisho nilimalizia kwa rangi yenye mng'ao iliyokuwa imebaki, kwa ubahili tu. Kosa. Mng'ao unaonyesha kila mwinuko. Rangi isiyong'aa kwenye kuta nyingine imesamehe mengi.

Imepita miezi minane. Kuta tatu zimetulia. Ungio moja juu ya dirisha limeanza kunyanyuka kama sentimita tatu. Nikikumbuka, siku ile sponji niliyofutia vumbi sikuikamua vizuri hapo. Nitalibandika. Praima ya mafuta naipa nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya harufu. Ile ya maji, kwa kazi hii, nyota moja, na hiyo ni kwa kuwa kopo lake sasa nawekea misumari. Kazi yenyewe, kupaka juu ya karatasi, naipa tatu, kwa sababu najua deni nililoacha: siku mtu atakapotaka kuzitoa, maji wala mvuke havitapenya kirahisi tena.

Bafuni sikugusa, unyevu wa kule ungefungua maungio yote. Chumba cha pili bado kina maua yake. Juzi niliingiza ncha ya kisu kwenye kona moja nyuma ya kabati, nikavuta taratibu, ikatoka nzima, kipande kirefu kama mkono wangu, na nyuma yake plasta ngumu, safi. Kile hakipakwi rangi. Kinabanduliwa.