Picha za Max Klinger kutoka stationari ya Mwanjelwa

Stationari moja ya Mwanjelwa, Mbeya, ilinichapia kwenye karatasi za A3 picha kumi za mfululizo wa glavu ambao Max Klinger, Msimbolisti (msanii anayeeleza hisia na ndoto kwa ishara) aliyezaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1857, aliutoa mwaka 1881 kwa kuchora kwenye bamba la metali kwa tindikali. Katika picha ya pili, mwanamume aliyevaa viatu vya magurudumu anainama kuokota glavu ya mwanamke, kofia ikiwa imemdondoka. Mistari hiyo myembamba imetoka safi. Sehemu za giza, hata hivyo, zimeziba kwa wino, na kwa msanii aliyetetea sanaa ya wino na mstari kwa maandishi mwaka 1891, hilo si dogo. Bei ni ya haki. Picha ya sanamu yake ya mtunzi wa muziki Beethoven, ya mwaka 1902, sikuiagiza: rangi za mawe ya sanamu hiyo zingepotea.