Kiti cha choo cha mzee, kile cha chuma kinachokunjwa: miezi saba tangu nimnunulie Mama

Nakiongelea kiti cha kujisaidia, kile cha bomba za chuma chenye mikono miwili ya kushikia, egemeo nyuma, pa kukalia pa plastiki penye tundu, na ndoo ndogo yenye mfuniko inayochomekwa chini. Kinakunjwa. Nilikinunua Dar kwenye duka la vifaa tiba huko Upanga karibu na Muhimbili, laki na thelathini baada ya kuongea nao. Kariakoo walinitajia laki na kumi ila kile miguu yake haibadiliki urefu nikakiacha, na nashukuru nilikiacha, ntaeleza kwa nini.

Kwanza mjue kilichonipeleka dukani. Mama ana miaka 78, yupo Muheza na kaka yangu na wifi. Magoti yake yamesagika na presha anayo siku nyingi. Choo chetu ni cha nje, cha kuchuchumaa, kina tailizi na maji yapo, yaani kwa mtu mzima wa afya hakina shida yoyote. Mwaka jana presha ikawa haishuki, mara 170 kwa 100, mara zaidi, tukamkazania chumvi mpaka wifi akawa anapika mchicha hauna ladha kabisa na Mama anakula hivohivo bila kusema kitu. Siku moja wifi anafua akakuta pindo la kanga limefungwa fundo, akajua ni hela, kufungua ni vidonge. Vile vya kukojoza ambavyo hupewa pamoja na vya presha. Vya wiki nzima na zaidi.

Alimuuliza taratibu, hakumfokea, na Mama akasema, "Mwanangu, nikimeza hicho naenda chooni mara sita, na nikichuchumaa siinuki. Juzi nimeshika ukuta mpaka nikalia." Kumbe hata maji alikuwa hanywi. Chai kikombe kimoja asubuhi basi, na chakula anakipunguza makusudi ili haja kubwa isije mara kwa mara, afu ikija ni ngumu na anachuchumaa muda mrefu zaidi. Sisi kila Jumapili tunapiga simu, umekula Mama, umemeza dawa Mama, anajibu ndiyo wanangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza choo. Hili limeniuma na bado linaniuma.

Basi kiti. Kitu cha kwanza na kikubwa kuliko vyote ni urefu. Miguu yote minne ina vitundu na kidude cha kubonyeza, unakibonyeza huku unavuta mguu mpaka unasikia kimelia "ka", na lazima yote minne iwe kwenye kitundu kimoja, ukikosea mmoja kiti kinayumba na mzee hatakiamini tena. Kabla ya kununua mpimeni mzee akiwa amekaa, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, na viatu anavyovaa kwenda chooni. Mama alikuwa sm 42, mi nikaweka sm 46 kwa sababu magoti mabovu yanataka nyonga iwe juu kidogo kuliko goti ndo mtu anyanyuke kwa kusukuma mikono, ila usipandishe mpaka miguu ining'inie, nyayo lazima zikanyage chini zote. Kile cha Kariakoo kingekuwa juu sana kwake, angekaa kama mtoto kwenye benchi la watu wazima.

Kitu cha pili dukani hawatakuambia. Angalia pa kukalia kama pameachwa wazi kwa mbele au ni duara lililofungwa. Sisi tunachamba na maji, na mzee ambaye mkono haufiki nyuma anahitaji nafasi ya kupitisha kopo na mkono kwa mbele. Duara lililofungwa linamlazimisha anyanyuke nusu ili ajisafishe, na pale ndo anaanguka. Nilikaa juu ya kila kiti pale dukani na nguo zangu, nikajaribu kupitisha mkono, muuzaji akanishangaa lakini nilipata ninachotaka.

Kukifikisha Muheza haikuwa kazi, kimekunjwa kikaingia buti la basi pale Mbezi, mzigo nikalipia elfu tano.

Kazi ilikuwa Mama mwenyewe. Alipoiona ile ndoo alikataa kabisa, anasema hawezi kuweka najisi kwenye chumba anachoswalia, na zaidi ya hapo hawezi kumwachia mke wa mwanawe amwage haja yake. Siku ya kwanza hatukubishana naye. Tukaamua mchana kiti kinakaa kulekule chooni juu ya tundu bila ndoo, na usiku kinaingia kwenye kikoridoo nyuma ya pazia, si chumbani. Ndoo inawekwa maji kidogo na dawa kabla, mfuniko juu, na alfajiri kaka ndo anamwaga, si wifi. Hapo akakubali. Naomba nimtaje wifi kwa sababu ndiye aliyekuwa anamnyanyua Mama kwa kumkumbatia kila siku mpaka mgongo ukaanza kumsumbua na hakuwahi kulalamika kwa mtu.

Mapungufu yapo. Bila ndoo, kutoka tunduni hadi chini ni mbali na mkojo unaruka miguuni. Tulinunua ndoo ya pili elfu nne, tukakata kitako, ikawa kama bomba linaloelekeza chini, shida ikaisha. Mipira ya miguu ni laini, kwenye tailizi zenye maji inateleza na mmoja ulichanika mwezi wa tatu, chuma kikawa kinakwangua sakafu. Nenda na mipira minne ya ziada tangu siku ya kwanza. Skrubu za egemeo zimeanza kutu kwa sababu ya unyevu wa choo, wifi anazipaka mafuta. Na kwenye karatasi yake kimeandikwa kilo 100, Mama hafiki 60 kwa hiyo siwezi kuwasemea wenye mzee mzito, hao watafute cha bomba nene.

Pia kiti peke yake hakitoshi. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea bomba la kushika ukutani kwa elfu thelathini na tano na kazi yake, lipo upande wa mkono wa kulia ambao ndo una nguvu, na tukaweka taa ya sola ya nje. Wapo wanaotoboa kiti cha plastiki cha kawaida ili kuokoa hela, nawaelewa, hela ni ngumu na hata pale ambapo mzee wa miaka 60 na kuendelea anatibiwa bure, kiti hiki unatoa mfukoni. Ila plastiki ile ukishaitoboa katikati miguu inatanuka na kupasuka ghafla. Kama laki haipatikani bora seremala akutengenezee cha mbao chenye mikono, urefu uleule uliopima.

Saivi Mama anameza vidonge vyote asubuhi, tumeongea na daktari akasema visimezwe jioni ili asiamke amke usiku. Presha mwezi uliopita ilikuwa 140 kwa 84. Wifi kaacha kupika mboga bila ladha, chumvi kidogo ipo. Na jagi la maji lipo kando ya mkeka wake, wajukuu wana zamu ya kulijaza.

Nakipa nyota nne, ya tano imeondoka na mipira. Baba mkubwa wa Korogwe naye kaagiza, nimeshamwambia binti yake ampime goti kwanza anitumie namba kabla sijaenda Upanga.