Barua ya Kigiriki kwa Kiingereza: huduma ya tafsiri niliyoitumia Mwanza

Mwezi uliopita nilipeleka barua ya kurasa mbili kwenye ofisi ndogo ya tafsiri iliyo juu ya duka la steshenari, karibu na Barabara ya Nyerere hapa Mwanza. Barua hiyo iliandikwa kwa mkono na mama mkwe wa binti yangu aliyeolewa Thessaloniki, wiki chache baada ya mjukuu wetu kuzaliwa, na kwa kuwa ofisi haitafsiri Kigiriki kwa Kiswahili, nilikubali Kiingereza. Nililipa shilingi 30,000 kwa ukurasa, na kazi ilikuwa tayari siku ya tatu kama walivyoahidi.

Kwa upande wa vyeti sina neno: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nilichokipeleka pamoja na barua, kilirudi kikiwa safi na kimepigwa mhuri. Barua ndiyo iliyonitatiza. Bibi yule anamwita mjukuu wake "splachno mou", na mfasiri aliandika "my entrails", kana kwamba mama wa watu alikuwa akiagiza supu ya utumbo pale Kirumba. Ni kweli kwamba neno hilo hutaja viungo vya ndani, lakini Mgiriki akimwambia mtoto hivyo, anasema kile ambacho sisi tungesema kwa kumwita damu yangu, au mwana wa tumbo langu.

Kilichonisikitisha zaidi ni sentensi aliyoandikiwa binti yangu: "Tin efchi mou na 'chis." Neno "efchi" hubeba maana mbili, matakwa mema na baraka, na mfasiri alichukua ile ya kwanza, hivyo nikasoma salamu za heri kama zile zinazochapwa kwenye kadi za dukani. Nilirudi kuuliza. Kijana huyo, ambaye alisoma Athens, hakujitetea. Alichukua penseli, akavuta kiti, na tukaipitia barua mstari kwa mstari huku mashine ya fotokopi ikinguruma nyuma yetu. Ndipo aliponieleza kwamba "efchi" ya mzazi husimama kinyume cha "katara", yaani laana. Kumbe ni radhi! Mwanangu alikuwa amepewa radhi na mama mkwe wake, na Kiingereza kilikuwa kimeninyima habari hiyo. Nilimpigia mke wangu simu nikiwa bado kwenye ngazi.

Mahali pengine lawama si ya mfasiri. "Na sas zisei", wanayoambiwa wazazi wa mtoto mchanga, aliiandika kama pongezi tu, kwa sababu Kiingereza hakina maneno mafupi ya kumwombea mtoto uhai mbele ya wazazi wake, ilhali sisi tunayo tayari: Mungu awakuzie. Methali isemayo kwamba mtoto wa mtoto wangu ni mtoto wangu mara mbili ilivuka salama.

Walinipa nakala iliyosahihishwa bila malipo, ikiwa na maelezo pembeni, na kwa hilo nawapa nyota nne. Atakayepeleka barua ya mzazi awaambie mapema kwamba si hati ya ofisi, na aombe maneno ya mapenzi yaachwe kwa Kigiriki yakiwa na ufafanuzi. Jumamosi hufunga saa saba mchana, na ngazi zao ni kali kwa mwenye magoti mabovu.