Ngoma za mzee wa Chamwino: mwaka mmoja tangu ziingie kanisani kwetu

Mbukwenyi wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Nimenunua ngoma tatu kwa mzee mmoja fundi huko Chamwino, Dodoma, na tangu zianze kulia kanisani hakuna Jumapili inayopita bila mtu kuniuliza nimezitoa wapi, ni bei gani na kama zinadumu. Zimetimiza mwaka sasa, kwa hiyo ninaweza kuzisemea.

Kilichonipeleka ni nadhiri. Mwaka juzi binti yangu alijifungua kwa upasuaji, usiku, na damu ikawa haikati. Nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi nilimwambia Mungu: nikirudi nyumbani na wote wawili, mama na mtoto, nitakutolea kitu chenye sauti, si bahasha tu. Nilirudi nao wote wawili. Mjukuu sasa anatembea na kuangusha vyombo jikoni.

Mwanzoni nilitaka kinanda cha umeme. Nilizunguka madukani mjini, kinanda na spika zake vikanizidi uwezo, halafu nikakumbuka mara ngapi umeme umekatika katikati ya pambio, kwaya ikabaki inatazamana. Ndipo mwenzangu wa umoja wa akina mama akaniambia, "Kwani muheme umeusahau?"

Kwa wasiotujua, muheme kwetu Wagogo ni ngoma ya wanawake. Mama anasimama, anaibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpigaji hasa. Siku alipobatizwa aliambiwa ngoma ni mambo ya giza, akaiacha nyuma ya nyumba ya tembe mpaka ikaliwa na mchwa. Imani hakuiacha hata siku moja. Lakini mimi nilikuwa nakaa ubavuni pake kanisani, na kila wimbo wa kitabuni ulipoanza, vidole vyake vilikuwa vinapiga muheme juu ya paja, chini ya khanga, taratibu, watu wasione. Nilipoamua kununua ngoma nilikuwa naviona vidole vile.

Chamwino iko kwenye njia ya Morogoro, si mbali na mjini. Mzee hana bango wala duka, anachongea chini ya mti nyumbani kwake. Nilimwamkia shikamoo baba, akaniitikia marahaba na kunisogezea kigoda. Nikamwambia nataka ngoma kubwa tatu. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, lakini huyu aliniuliza kwanza kanisa letu lina ukubwa gani, limeezekwa nini, na wapigaji ni wangapi. Kisha akasema, "Mwanangu, kubwa tatu zitagombana. Chukua moja ya kuongoza na ndogo mbili za kuitikia." Alijipunguzia fedha kwa mdomo wake mwenyewe. Kubwa nililipa shilingi 120,000, ndogo 70,000 kila moja, nusu nikaitanguliza.

Kazi yake ni safi. Kila ngoma imechongwa kwenye gogo moja, hakuna kiungo, na ngozi imewambwa kwa vigingi vya mti badala ya misumari. Ukingo umelainishwa, hauchani kitenge wala kukwaruza mapaja. Ile kubwa ikilia, unaisikia kifuani kabla ya masikioni.

Tulizitoa mara ya kwanza kwenye ibada ya shukrani ya mavuno, mwezi wa sita. Mwaka ule mvua ilikata mwezi wa pili, mahindi yakakauka yakiwa na mbelewele, uwele ndio uliovumilia kidogo. Miaka mingine magunia hujaa mpaka mlangoni. Safari hii mjane mmoja alileta uwele kwenye bakuli la plastiki, akalifunika kwa kitambaa cheupe alichokipiga pasi. Mchungaji alisoma pale Paulo anapowaambia Wathesalonike washukuru kwa kila jambo, akanyamaza, nasi tukanyamaza. Sijui tungekaa kimya mpaka lini kama ngoma kubwa isingeanza.

Bibi mmoja aliyemfahamu bibi yangu alinyanyuka na fimbo yake, akaja mbele, akaigusa ngozi. "Hii imepita mlango gani?" Nikamjibu, "Mlango mkubwa, bibi." Akanipa fimbo niishike, akaipokea ngoma. Alipiga wimbo mzima, na wazee wenzake wakamwitikia kwa Chigogo huku machozi yanawatoka. Kwenye mnada baada ya ibada jogoo mmoja alinunuliwa na kurudishwa mnadani mara tatu, katika mwaka wa njaa.

Kasoro zipo. Aliniahidi wiki tatu, zikawa tano, nikazichukua siku mbili tu kabla ya ibada, na roho ilikuwa juu. Masika ngozi inalegea, lazima uzianike juani nusu saa kabla ya kuzipiga, na kukiwa na mawingu mnazisogeza karibu na moto. Nilimnunulia pia kijana wetu zeze la nyuzi mbili, maana Zaburi ya 150 kwenye Biblia yetu inalitaja zeze kwa jina lake. Sauti yake ni tamu sana, ila uzi umekatika mara mbili. Mzee aliufunga upya bila kudai kitu. Kwa ngoma nampa nyota tano, kwa zeze nne, kwa muda tatu.

Mkitaka za mavuno, agizeni mwezi wa tatu au wa nne, na nendeni wenyewe na mpigaji wenu ili apimiwe kimo. Ukifika Chamwino ulizia mzee anayechonga ngoma, kisha mwambie umetumwa na yule mama wa nadhiri. Atakusogezea kigoda.