Pampu ya mafuta ya umeme kwenye Land Rover Series III ya petroli: uzoefu wangu, Tanga

Kwa joto la Tanga, na hasa kwa anayepanda Lushoto kutoka Mombo na mzigo nyuma, pampu hii imenilipa. Ni ile ya kisanduku, volti 12, isiyo na platini (vile vipande vya kugusana vya kuwashia na kuzimia umeme), kwenye injini ya lita 2.25 yenye kabureta ya Zenith. Tatizo la gari kukohoa mlimani na kuzima halipo tena. Kama gari lako linazunguka mjini tu, badilisha kwanza raba (dayaframu) ya pampu ya zamani, ile isiyo ya umeme. Huenda ugonjwa wote uko hapo.

Pampu ya zamani inakaa ubavuni mwa injini, inapigwa na kemshafti (shafti inayofungua valvu), na mafuta inayavuta. Petroli inayovutwa kwenye paipu ya moto huchemka upesi kuliko inayosukumwa. Ikishachemka, pampu inapiga mvuke na kabureta inakauka. Ya umeme inafungwa karibu na tanki na kusukuma, kwa hiyo paipu yote hadi mbele ina presha.

Presha ndiyo inayowaponza wengi. Injini hii inataka psi (kipimo cha presha) 1.5 hadi 2.5 basi. Pampu ya gari la injekta inatoa psi 40 na kuendelea, usiipokee hata ya bure. Nunua iliyoandikwa psi 1.5–4, kisha funga regyuleta (kifaa cha kupunguza presha) karibu na kabureta na uiweke kwenye 2. Pima kwa geji, maana namba zilizochorwa kwenye regyuleta za bei poa si za kuaminika. Presha ikizidi, floti (boya la ndani ya kabureta) inashindwa kuibana sindano yake inayoziba mafuta, petroli inafurika: plagi nyeusi, harufu kali chini ya boneti, na baada ya muda oili inakuwa nyepesi kwa sababu mafuta yameteremka kwenye silinda hadi kwenye sampu, bakuli la oili.

Kwenye 88 (Land Rover fupi, ya inchi 88) tanki liko chini ya kiti cha kulia, kwa hiyo pampu inakaa kwenye chesisi pembeni ya tanki, usawa wa chini ya tanki au karibu na hapo, mbali na ekzosti, upande wa kutolea ukiinuka kidogo. Hizi pampu zinasukuma vizuri lakini kuvuta ni dhaifu. Weka filta kabla ya pampu na nyingine ndogo kabla ya kabureta. Ukiondoa pampu ya zamani unapoteza pia kile kikombe cha kioo kilichokuwa kinadaka maji na kutu, na matanki ya umri huu yana kutu ya kutosha. Mpira uwe wa petroli, kipenyo cha ndani milimita 8, wenye klipu kila ncha.

Usiache pampu ya zamani kwenye njia ya mafuta. Raba yake ikipasuka, ya umeme itamwaga petroli moja kwa moja ndani ya injini. Itoe, ziba tundu kwa kipande cha chuma chenye unene wa milimita 6 na gasketi.

Umeme: rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya miguu minne, kila mguu una namba yake. 30 inatoka betri kupitia fyuzi ya ampea 10, 87 inakwenda kwenye pampu, 86 inatoka kwenye swichi ya funguo, 85 ni ethi (waya wa kwenye chesisi). Waya wa milimita mraba 1.5 unatosha, pampu yenyewe haifiki ampea 2. Kwa kuwa inakaa juu ya raba za kuzuia mtetemo, haipati ethi kupitia boliti zake. Ivutie waya wake mpaka kwenye chesisi, kwaruza rangi mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Usiifunge kwenye bodi. Bodi ni aluminiamu, na kwa hewa ya chumvi ya huku maungio ya aluminiamu na chuma hayachelewi kuota unga mweupe. Series II na IIA za mwanzo, zilizotangulia Series III, ethi yake ni chanya: ukigeuza nyaya, pampu ya namna hii inaungua papo hapo.

Kitu mafundi wengi wanachoruka ni swichi ya mshtuko, inayokata umeme gari likigonga. Bila hiyo, gari likigonga, na funguo ikiwa imewashwa, pampu ya umeme inaendelea kumwaga mafuta hata injini ikiwa imezima. Swichi hizo zinapatikana kwenye Discovery za skrepa; iunge kwenye waya wa 86.

Kabla ya kuwasha, chomoa mpira wa kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa. Nusu lita ndani ya sekunde 30 inatosha na kubaki. Rudisha mpira, washa funguo bila kupiga stata: pampu itagonga haraka, kisha polepole kabureta ikijaa. Ikiendelea kugonga haraka, kuna mahali inavuta hewa, mafuta yanavuja, au sindano ya floti haizibi. Kelele hiyo ndiyo kasoro pekee niliyoiona. Kwenye Land Rover, injini ikishawaka, huisikii tena.