Mafunzo ya mafundi wanaojenga ufukweni, Pangani: yana thamani, ila waiteni na madereva wa tipa

Mimi ni fundi mwashi, kwa sasa nasimamia saiti ya nyumba za wageni kusini ya mji wa Pangani. Mwezi uliopita bosi alitulipia ada watu sita tukajifunze kujenga ufukweni bila kuharibu pwani wala kuua viumbe wake. Nina miaka 19 kwenye kazi hii, na niliyoyasikia siku zile mbili sikuwahi kuambiwa na mtu.

Alfajiri ya kwanza mwalimu alitupeleka mchangani. Usiku ule vitoto vya kasa vilikuwa vimetoka kiotani. Alama zao zilikuwa nyembamba, kama mtu amepitisha reki, na hazikwenda majini. Zilipanda kuelekea ukuta wenye taa nyeupe. Kitoto cha kasa hufuata upande wenye mwanga, na tangu zamani upande huo ni bahari, inayorudisha nuru ya mwezi na nyota. Sisi tukimwaga zege huendelea mpaka usiku, taa zote zimewaka. Nilirudi kimya njia nzima.

Jioni tulifanya kwa mikono yetu: kuishusha taa, kuikinga kwa bati upande wa bahari, kuweka nyekundu badala ya nyeupe. Kazi ya nusu saa, bati lenyewe ni vipande vinavyobaki kwenye kuezeka. Kisha tukaonyeshwa kasa anapofukia mayai yake, mia na zaidi kwa kiota, chini kama nusu mita, yakae karibu miezi miwili. Ni juu kidogo ya mstari wa maji ya bamvua, yale yanayojaa mpaka juu kabisa, palepale tunapopenda kushusha kokoto.

Kwenye mikoko nilijifunza kuhusu mchu, aina mojawapo ya mikoko. Vile vijiti vinavyochomoza topeni kuzunguka shina ndivyo unavyopumulia. Ukivifukia kwa kifusi mti unakufa umesimama. Nimefukia vingi, na naumia kusema hivyo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ufukweni. Mwalimu alitupa futi kamba tukapime wenyewe. Shimo letu la kuoshea mashine ya zege lilikuwa mita 41, na maji ya sementi ni makali kama chokaa. Tumeshalihamisha.

Somo la wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani lilipita mbio. Nililoshika ni kwamba mtaro wa msingi usiachwe wazi usiku bila mteremko au ubao wa mnyama kupandia.

Kasoro yake ni moja, na ni kubwa. Waliitwa wasimamizi na mafundi tu. Madereva wa tipa na vijana wanaopakia mchanga hawakualikwa, na wao ndio wanaofika ufukweni kabla yetu. Wiki moja baadaye tipa ilimwaga mchanga saitini, nikaokota ndani yake maganda ya mayai ya kasa, laini kama karatasi iliyolowa. Niliukataa mzigo mzima. Mchanga wa baharini hata kwa jengo haufai, chumvi yake inakula nondo. Dereva alishangaa kweli. Hakuna aliyewahi kumweleza.

Mafunzo yakirudi Pangani, nitampeleka yeye na mwenzake kwa hela yangu.