TAHADHARI: Muuzaji wa mashine wa ng'ambo anayeleta mzigo kweli, ila si ule uliolipia

Ndugu zangu mnaotaka kuagiza mashine kubwa moja kwa moja kutoka nje, iwe ya kusaga, ya kukamua mafuta, ya kufyatua matofali au mtambo wa kuchimbia, someni hili kabla hamjaenda benki.

Kazi yangu ni kufunga mitambo, kwa hiyo mimi huitwa wakati pesa imeshalipwa yote. Watu wanamwogopa tapeli anayepokea hela na kuzima simu. Yupo, lakini kuna mwingine anayeumiza zaidi, na huyu hazimi simu. Anatuma kontena. Hati zote zipo, uzito unalingana, na ukifungua unakuta mashine kweli. Ila mota ni ndogo kuliko mliyokubaliana, bodi ni bati jembamba, au ni chuma cha miaka mingi kilichopigwa rangi na kubandikwa kibati kipya cha maelezo ya mashine. Ukilalamika anakujibu kwa upole kabisa, "Rafiki, tuma video." Unatuma. Anaomba nyingine, ya upande wa pili. Wiki zinayoyoma, naye hana haraka yoyote kwa sababu hamdai mtu.

Sitaji kampuni, maana majina yenyewe hubadilishwa kama mashati. Afadhali muujue mchezo.

Mchezo uko kwenye malipo. Kawaida wanataka asilimia 30 ya kuanzia, halafu 70 kabla mzigo haujapakiwa, au ukishaona nakala ya hati ya shehena. Maana yake unamaliza kulipa kabla fundi wako hajaigusa mashine. Wengine wanajifariji kwamba wamelipa kwa LC, yaani barua ya benki inayoahidi kumlipa muuzaji akileta hati zilizokubaliwa, kwa hiyo benki itawalinda. LC inasaidia, lakini benki inakagua karatasi tu. Kanuni za kimataifa za LC zinazotumika tangu 2007, zile za UCP 600, zinasema wazi kwamba benki hushughulika na hati, hazishughuliki na bidhaa. Ankara, orodha ya mzigo na hati ya shehena zikiwa zinakubaliana na masharti, muuzaji analipwa hata kama ndani ya kontena mna vyuma chakavu.

Kwa hiyo ndani ya masharti ya LC weka cheti cha ukaguzi kutoka kampuni huru uliyoichagua na kuilipa wewe mwenyewe. SGS, Bureau Veritas na Intertek wanafanya kazi hiyo. Usipokee cheti kilichotumwa na muuzaji bila kuwauliza waliokitoa, kwa sababu cheti cha kughushi ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta. Na mkaguzi mpe maelekezo kamili. Ukimwambia "kagua mzigo" atahesabu masanduku. Mwambie mashine iwashwe mbele yake, ilishwe malighafi ileile utakayotumia, ifanye kazi kwa saa kadhaa, kisha apime kilichotoka. Mashine ikizunguka tupu hata mbovu inapendeza. Kisha apige picha ya kibati cha mashine na cha kila mota: kilowati, volti, hezi (Hz, yaani masafa ya umeme) na namba ya utambulisho. Namba hizo ziandikwe kwenye mkataba na kwenye ankara.

Hezi msizidharau. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ukiifunga kwenye umeme wa hezi 50 inapungua mwendo kwa karibu asilimia 17, na volti zisipopunguzwa kwa kiwango hichohicho inachemka, hatimaye waya zake zinaungua. Ukimuuliza muuzaji atasema "hakuna shida". Mwambie aandike.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: mashine za kisasa zinaendeshwa na kompyuta ndogo ndani ya paneli, na muuzaji anaweza kuifunga kwa nywila. Siku ikigoma, fundi wako hawezi kuingia. Daini nywila na nakala ya programu kabla ya malipo ya mwisho.

Kuhusu akaunti: barua pepe ikija kusema "tumebadilisha benki", usilipe. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Wadukuzi huingia katikati ya mazungumzo ya kweli na kubadilisha namba ya akaunti tu. Kwa mwaka 2023 peke yake, FBI ya Marekani ilipokea malalamiko ya wizi wa aina hii yenye hasara ya dola bilioni 2.9. Akaunti ya mtu binafsi, au yenye jina tofauti na la kwenye mkataba, nayo ni ya kukataa. Kama muuzaji yuko China, kampuni yake ina namba ya usajili yenye tarakimu na herufi 18 inayotafutika kwenye mfumo wa serikali yao. Angalia kama imesajiliwa kutengeneza au kuuza tu. Dalali si mwizi, lakini ujue unamlipa dalali.

Bei ya CIF, yaani yenye nauli ya meli na bima ndani yake, nayo inawadanganya watu. Muuzaji analipa nauli na bima, ndiyo, lakini hatari inakuwa yako mara tu mzigo unapopakiwa melini kule kwao, na bima anayolazimika kukata ni ya kiwango cha chini kabisa. Kumbukeni meli ya Ever Given iliyokwama mfereji wa Suez Machi 2021: wenye mizigo walitakiwa kuweka dhamana ya kuchangia hasara kabla ya kupewa mali zao, na asiye na bima hutoa mfukoni. Akikushawishi aandike bei ndogo kwenye ankara ili ukwepe ushuru, kataa. Mwenye kesi na forodha ni wewe, na siku ya kudai fidia atakuonyesha ankara hiyohiyo.

Kama umeshatuma pesa kwenye akaunti usiyoiamini, acha kubembelezana naye, nenda benki yako saa hii uombe malipo yarudishwe. Na kama kontena liko njiani, likifika piga picha ya lakiri na namba yake kabla haijakatwa, mkaguzi huru akiwepo, na usikubali fundi yeyote aiwashe mashine kabla vibati havijalinganishwa na mkataba.